Msamiati wa Mtoto Haupimwi kwa Lugha Moja

Kila Januari madarasa ya PP1, mwanzo wa elimu ya awali, kutoka Litein hadi Mogogosiek katika kaunti za Kericho na Bomet hupokea watoto wa miaka minne, na baada ya wiki mbili tatu watoto hao huwa wameshagawanywa kimyakimya kuwa wanaojua na wasiojua. Kipimo chenyewe ni kadi ya picha. Mwalimu anaiinua na kuuliza hiki ni nini. Anayejibu kwa Kiingereza anapigiwa makofi. Anayenyamaza, au anayejibu kwa Kikipsigis huku ametazama chini, anahesabiwa kuwa bado. Mzazi akiitwa shuleni anaambiwa kwamba mtoto wake ana maneno machache. Anarudi nyumbani ameazimia kuacha kumsemesha Kikipsigis, ili Kiingereza kipate nafasi.

Hukumu hiyo hutolewa mapema mno, tena kwa ushahidi wa upande mmoja. Kadi ya picha inapima maneno ya lugha moja, yanayotamkwa mbele ya mtu mzima mmoja, kuhusu vitu ambavyo mtoto hakuvichagua. Mtoto wa nchi ya majani chai ana maneno katika lugha mbili au tatu, ameyapata kwa watu tofauti na katika shughuli tofauti, na mengi anayaelewa kabla hajaweza kuyasema. Ukimpima kwa kipande kimoja utamwona maskini hata kama ana mali. Ziko pia dalili ambazo zinapaswa kututia wasiwasi, na nitazitaja. Lakini hazionekani kwa kadi ile.

Kutolingana ndiko kawaida

Mwaka 1994 Larry Fenson na wenzake walichapisha takwimu za watoto zaidi ya 1,800 wa Marekani. Waliwapa wazazi orodha ndefu ya maneno na kuwauliza ni yapi ambayo mtoto anayatumia tayari. Watoto wa miaka miwili walikuwa, kwa wastani, na maneno kama 300. Hata hivyo asilimia 10 ya chini hawakuwa wamefika 60, na asilimia 10 ya juu walikuwa wamepita 500. Hao wote ni wa umri mmoja na lugha moja. Wengi wa wanaochelewa kusema, ilmradi wanasikia vizuri na wanaelewa wanachoambiwa, huwafikia wenzao baadaye bila tiba yoyote.

Hata ndani ya mtoto mmoja maneno hayaji kwa utaratibu. Kuelewa hutangulia kusema, mara nyingi kwa miezi kadhaa: mtoto asiyetamka neno "kikombe" hukuletea kikombe ukimtuma. Aina za maneno nazo hazifuati mpangilio mmoja kila mahali. Mwaka 1982 Dedre Gentner alidai kwamba majina ya vitu hutangulia vitenzi katika lugha zote, kwa kuwa kitu hushikika na kuonekana kuliko tendo. Mwaka 1996 Twila Tardif aliwasikiliza watoto wa Beijing wanaojifunza Kichina akakuta vitenzi vyao havikuwa nyuma ya majina hata kidogo. Sababu mojawapo ni kwamba mazungumzo ya wazazi wao yalijaa vitenzi. Mtoto huokota kile kinachoangushwa mbele yake.

Kuna pia maneno yanayoonekana kujulikana kumbe bado. Karen Wynn alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtoto anayeghani namba hadi kumi bila kosa anaweza, akiombwa vitu vitatu, kuchota konzi nzima. Anaelewa kwanza moja ni ngapi. Miezi kadhaa ipite ndipo aelewe mbili, kisha tatu, na mwishowe afumbue siri ya kuhesabu. Rangi nazo ni ngumu, maana neno "nyekundu" halitaji kitu chochote cha kushika. Jana na kesho ni ngumu zaidi: mtoto hutambua mapema kwamba ni maneno ya siku, lakini huyachanganya kwa muda mrefu. Kwa hiyo yule anayejua majina ya ng'ombe wote wa babu yake anaweza kushindwa kutofautisha kijani na samawati, na kusiwe na kasoro yoyote. Hayo ni maeneo mawili ya ujuzi, na kila moja lina ratiba yake.

Walichokiona watafiti wa Kokwet

Huhitaji kusoma habari za Marekani wala China ili kulielewa jambo hili, kwani mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana duniani kuhusu malezi ilifanyika huku kwetu. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi miongoni mwa wakulima wa Kikipsigis katika kijiji walichokiita Kokwet. Walitazama watoto wanavyolala, wanavyobebwa, wanavyotumwa na wanavyosemeshwa.

Matokeo ya Super kuhusu viungo vya mwili, yaliyochapishwa mwaka 1976, ndiyo mlango mzuri wa kuielewa lugha. Watoto wachanga wa Kokwet walikaa, wakasimama na wakatembea mapema kuliko wenzao wa Marekani. Wageni wengi kabla yake walikuwa wamelieleza jambo hilo kwa habari za damu na asili. Super aliona kwamba mama wa Kokwet waliwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, siku baada ya siku. Katika mambo yasiyofundishwa, kama kutambaa, mtoto wa Kokwet hakuwa mbele. Kutangulia kulikuwa katika yale tu yaliyofanyiwa mazoezi.

Lugha nayo ilifuata mkondo huohuo. Sehemu kubwa ya maneno ambayo mama alimwelekezea mtoto wa miaka miwili au mitatu yalikuwa maagizo: lete, peleka, ondoka hapo, mwangalie mdogo wako. Mtoto hakuulizwa maswali ambayo mama alijua majibu yake, kwa mfano hii rangi gani au ng'ombe analiaje. Maswali ya namna hiyo ni mchezo wa shule, na wazazi wa tabaka la kati wa Boston huucheza nyumbani tangu mtoto akiwa kifuani. Mtoto wa Kokwet alikua akiwa hodari wa kuelewa agizo lenye hatua kadhaa na kulitekeleza, na hakuwa na mazoea ya kumtajia mtu mzima kitu ambacho mtu mzima anakiona.

Ndiyo maana mwaka 1977 Harkness na Super waliandika makala yenye swali la kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Waliwaomba watoto wasikilize hadithi fupi kisha wamsimulie mtu mzima. Wengi wa wadogo walinyamaza. Watoto haohao walipiga soga bila kukoma walipokuwa na watoto wenzao. Kunyamaza mbele ya mkubwa ilikuwa adabu waliyofundishwa, na walikuwa wameijua vizuri. Wazazi wenyewe walitofautisha akili ya nyumbani na akili ya shule. Mtoto mwenye akili ya nyumbani ni yule unayeweza kumtuma, akaona kazi inayohitajika kabla hajaambiwa, akaaminiwa kumwangalia mdogo wake. Hakuna kadi ya picha inayopima hilo.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kisii, Robert LeVine na wenzake walikuta jambo linalofanana katika miaka hiyohiyo ya 1970. Mama wa Kigusii walimtuliza mchanga haraka na kumlinda, lakini hawakumsemesha sana, tofauti na mama wa Boston waliolinganishwa nao. Watoto wa Kigusii hata hivyo walikua wakawa wasemaji wazuri, kama kila mtu anayeijua Nyanza ashuhudiavyo.

Hapo panahitaji tahadhari. Kericho na Bomet za leo si Kokwet ya wakati ule. Walezi wa wadogo walikuwa kaka na dada wa miaka saba hadi kumi, na elimu ya msingi bila karo iliyoanza Januari 2003 iliwatia wengi wao darasani kutwa nzima. Nafasi yao imechukuliwa na bibi, na msichana wa kazi, na kreshi ya shamba, na mara nyingine na simu. Kila mmoja wa walezi hao ana maneno yake. Bibi ana Kikipsigis kipana cha mifugo, mimea, ukoo na methali. Msichana wa kazi huenda ametoka kaunti nyingine na Kiswahili chake. Simu ina katuni za Kiingereza ambazo hazimsubiri mtoto ajibu. Mtoto akibadilishiwa mlezi hubadilishiwa pia shehena ya msamiati.

Kila lugha na kazi yake

Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, Brooke Bond wakiwa miongoni mwa wa kwanza, na tangu mwanzo yaliajiri watu kutoka mbali: Wakisii, Wajaluo, Waluhya, pamoja na Wakipsigis wenyewe. Kambi za wafanyakazi zikawa mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya jirani kwa jirani, ya kisima, ya mpira na ya nyapara. Mtoto wa kambini anaweza kuwa na Kikisii cha mama, Kiswahili cha uwanjani na Kiingereza cha darasani. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye mashamba madogo yanayopeleka majani kwa viwanda vya KTDA kama Kapkoros, Kapset au Kapkatet, mtoto huishi ndani ya Kikipsigis karibu siku nzima, na Kiswahili hukikuta dukani au kwenye kituo cha kununulia majani chai. Ukiteremka Chepalungu, ambako ni pakavu zaidi, ng'ombe na mahindi ndivyo vinavyotawala mazungumzo. Watoto hao watatu wana umri mmoja na mtaala mmoja, lakini hawana mfuko mmoja wa maneno.

Mwanaisimu François Grosjean aliipa hali hii kanuni katika miaka ya 1990: mtu mwenye lugha mbili au zaidi huzipata na kuzitumia kwa kazi tofauti, pamoja na watu tofauti, kwa hiyo hakuna lugha inayobeba kila kitu. Yeyote aliyelelewa Bureti au Konoin anaitambua kanuni hiyo bila kufundishwa. Vyakula, mifugo, jamaa, maumivu na makaripio hukaa kwenye Kikipsigis. Michezo, zamu, bei na ugomvi wa watoto hukaa kwenye Kiswahili. Namba na rangi huingia kwa Kiingereza, kwa sababu darasani ndipo zilipofundishwa kwa wimbo. Mtoto wa huko akiambiwa ahesabu kwa Kikipsigis anababaika, na akiambiwa aeleze tumbo linavyomsokota kwa Kiingereza anababaika vilevile.

Tutumie hesabu ya mfano tu. Tuseme msichana wa miaka minne, tumwite Chebet, anaonyeshwa picha 50. Kwa Kiingereza anataja 9, na hapo mwalimu anafunga daftari. Kwa Kiswahili angetaja 17, na kwa Kikipsigis 26. Nyingine zinarudiwa, kwa hiyo hatujumlishi tu. Tunauliza ni picha ngapi anazoweza kuzitaja katika lugha yoyote, na tuseme ni 41. Kisha tunamwambia aonyeshe kwa kidole kile tunachokitaja sisi, naye anaonyesha 46. Mtoto ni yuleyule kutoka 9 hadi 46. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Mwaka 1993 Barbara Pearson na wenzake walifanya hesabu ya aina hiyo kwa watoto wa Miami wenye Kihispania na Kiingereza. Walipohesabu lugha zote mbili pamoja, hawakupata ushahidi kwamba watoto wa lugha mbili wako nyuma ya wenzao wa lugha moja.

Vifaa vya kupima kwa njia hiyo vinaweza kutengenezwa nchini. Pwani, watafiti wakiongozwa na Katie Alcock walitayarisha orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama kwa watoto wa Kilifi, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Hawakutafsiri tu orodha ya Marekani. Waliibadilisha ilingane na maisha ya huko, na badala ya kumpa mzazi karatasi ajaze, walimhoji kwa mdomo, kwa hiyo mama asiyejua kusoma aliweza kueleza anayoyajua kuhusu mtoto wake. Kikipsigis kinastahili orodha ya namna hiyo katika kila zahanati.

Penye wasiwasi wa kweli

Baada ya kusema hayo, ni hatari kuruka hadi upande wa pili na kudai kwamba kila tofauti ni utamaduni tu. Kumsemesha mtoto moja kwa moja kuna faida inayopimika. Mwaka 2012 Laura Shneidman na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti wa kijiji cha Wamaya huko Mexico, ambako watoto husikia mazungumzo mengi yasiyowalenga. Maneno ambayo watu wazima walimwelekezea mtoto mwenyewe ndiyo yaliyobashiri msamiati wake wa baadaye. Yale aliyoyasikia pembeni hayakubashiri. Nchini Senegal, mradi wa shirika la Tostan uliwahimiza wazazi wa vijijini kuzungumza zaidi na watoto wachanga, kwa lugha yao ya Kiwolof. Ann Weber na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2017, wazazi walikuwa wameongeza maneno na watoto wao walikuwa wamepiga hatua. Mzazi wa Senegal hakuambiwa aache lugha yake. Aliambiwa aitumie zaidi.

Hoja ya wingi wa maneno nayo imewahi kupotoshwa. Betty Hart na Todd Risley walipochapisha mwaka 1995 kitabu chao kuhusu familia 42 za Kansas, watu walikariri pengo la maneno milioni 30 kati ya watoto wa maskini na wa wenye uwezo. Mwaka 2018 Douglas Sperry na wenzake walirudia kazi hiyo katika jamii nyingine za Marekani wakakuta tofauti kubwa hata kati ya maskini na maskini, na pengo likapungua walipowahesabu walezi wote waliomzunguka mtoto, si mama pekee. Mama anayechuma chai tangu alfajiri hana haja ya kubebeshwa lawama ya ziada. Swali la maana zaidi ni nani yuko na mtoto saa hizo, na kama humjibu.

Dalili za kutafuta msaada ni chache na ziko wazi. Mtoto wa miaka miwili asiyekuwa na maneno katika lugha yoyote aangaliwe. Asiyeelewa maagizo mepesi, asiyegeuka akiitwa, asiyeonyesha kwa kidole, au aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, aangaliwe haraka zaidi. Mara nyingi pa kuanzia ni masikio, kwa kuwa usaha unaojirudia humnyima mtoto sauti katika miaka anayozihitaji mno. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, na muuguzi anaweza kumwelekeza mzazi kwenye kituo cha tathmini cha EARC. Zingatia kwamba dalili hizi zote huulizwa kwa lugha ya nyumbani. Hakuna tatizo la usemi linalokaa ndani ya Kiingereza peke yake.

Shule ifanye nini

Sera ya Kenya si adui wa lugha ya nyumbani shuleni. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya mwanzo, na mtaala wa umilisi uliofuata mfumo wa 8-4-4 umelishikilia wazo hilo. Utekelezaji ndio unaokwama, kwa sababu mzazi hulipa karo akitarajia kusikia Kiingereza, na shule humpa anachotaka kusikia. Matokeo yake yameonekana katika tafiti za usomaji za Benjamin Piper na wenzake hapa Kenya: watoto wanaweza kutamka maandishi ya Kiingereza, lakini ukiwauliza walichosoma kinahusu nini, wanaelewa zaidi wanaposoma kwa Kiswahili au lugha ya mama. Kutamka bila kuelewa ndiyo bei ya kudharau msamiati ambao mtoto alikuja nao.

Mwalimu wa PP1 hahitaji kuwa mwanaisimu ili arekebishe hili. Anaweza kuanza kwa kumtuma mtoto badala ya kumuuliza: peleka kikombe cha bluu mezani, kisha uniletee kijiko. Agizo hilo, likitolewa kwa lugha ya nyumbani, litamwonyesha uelewa ambao swali la kadi lisingeutoa. Anaweza kuwaacha watoto wawili wacheze na asikilize kwa pembeni, maana Kokwet ilikwisha kutuonyesha kwamba mtoto husema mbele ya mtoto. Neno jipya la Kiingereza aliweke juu ya neno ambalo tayari lipo. Mtoto anayejua tayari kutenganisha ndama na ng'ombe, maziwa mabichi na mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, hahitaji kufundishwa wazo; anahitaji jina la pili tu. Maneno ambayo hayako katika lugha yake yoyote, kama yale ya maumbo, au ya zaidi na pungufu, ndiyo ya kufundishwa polepole na kwa vitendo.

Nyumbani, ushauri wangu ni mmoja: endelea na lugha uliyo hodari ndani yake, ila ongeza majibu. Mtoto akishaleta beseni ulilomtuma, muulize amelikuta wapi na nani alikuwa huko. Agizo limemfundisha kusikia. Swali ambalo hujui jibu lake litamfundisha kusimulia. Yote mawili yanawezekana ukiwa unapepeta mahindi au unasubiri zamu ya mizani.

Elimu ya awali iko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa Kericho na Bomet bila kusubiri Nairobi. Fomu ya kujiunga na PP1 iongezewe ukurasa unaouliza mtoto anaelewa nini, anasema nini, kwa lugha gani na kwa nani, ukijazwa kwa kumhoji yule anayekaa naye mchana, awe mama, bibi au mlezi wa kreshi. Gharama yake ni karatasi na dakika chache za kusikiliza. Faida yake kubwa si kwa Chebet, ambaye angeibuka hata bila sisi. Ni kwa yule mtoto ambaye, baada ya kuhesabiwa lugha zake zote na uelewa wake wote, bado ana maneno machache. Leo mtoto huyo amepotea ndani ya kundi kubwa la wanaoitwa wasiojua. Tukishawaondoa humo wale wasio na tatizo, tutaweza kumwona mapema, masikio yake yakapimwa, na akasaidiwa akiwa bado na miaka minne.